Kichomeo cha Anania

"Pu!"

Soko la Tunduma likatawanyika. Wauza samaki wakavu waliovuka asubuhi kutoka Rhodesia ya Kaskazini waliruka matenga yao wenyewe, askari wa mpakani akashika kofia badala ya bunduki, na shangazi Jenista, mwanamke mnene mwenye heshima zake kanisani, alipanda juu ya gunia la maharage akakaa huko akimwita Bwana Yesu kwa Kinyiha. Aliyebaki amesimama mahali pake ni msichana mmoja tu. Alivaa gauni la maua ya bluu lenye mabega ya kujaa, kitambaa cheupe kichwani, na juu ya kitambaa tenga la mayai. Aligeuka polepole, shingo imenyooka, akatazama kibanda kilichotoa mlio.

"Kaka," akasema, "hicho kitu chako hakina wazazi wa kukifunza adabu?"

Kijana aliyekuwa kibandani alitoka akipepea moshi. Alikuwa mrefu, suruali ya kaki imejaa madoa ya mafuta, na nyusi ya kushoto haipo.

"Samahani, dada. Moto umerudi nyuma."

"Umerudi kutoka wapi?"

"Unatakiwa uwake juu ya bomba. Gesi ikikosa kasi, moto unaingia ndani ya bomba lenyewe, ndipo unalia hivyo."

"Na nyusi yako nayo imerudi wapi?"

Kijana akajipapasa usoni, akacheka. "Mayai hayakuvunjika?"

"Ningekimbia yangevunjika. Na kulikuwa na haja gani? Shangazi amekimbia kwa niaba yetu sote."

Hivyo ndivyo Sekela binti Abrahamu wa Iyula alivyokutana na Anania, fundi wa stovu, taa za karabai na baiskeli, mwaka wa hamsini na sita, siku ya soko. Alikuja kuuza mayai. Aliporudi nyumbani alikuwa bado na mayai nusu tenga, kwa sababu alisimama kibandani kwa Anania mpaka jua likageuka.

Juu ya meza ya kibanda palikuwa na kitu kirefu kama mkono wa mtu mzima. Kilikuwa na tumbo la bomba la shaba nyekundu, magurudumu yaliyochongwa kwa tupa, na bomba dogo la moshi kama shingo ya chupa.

"Hii ni treni," Anania alisema.

"Treni ndogo hivi inabeba nani?"

"Hii ni mfano. Zenyewe ni kubwa kuliko kanisa lenu."

Sekela hakuamini. Upande wote ule, Tunduma hadi Mbozi, hapakuwa na reli hata moja, na waliokwisha kuona treni walikuwa wachache, tena wengi wao hawakuaminiwa. Anania alikulia Broken Hill, baba yake akifanya kazi kwenye karakana ya reli. Baba alipofariki kijana akarudi kwao Tunduma na hadithi zake za nyumba za chuma zinazokimbia kwa nguvu ya maji yanayochemka. Watu walimsikiliza, wakamaliza pombe yao, wakasema: "Anania! Wewe jina lako tu linatosha. Mwenzako kwenye Biblia alianguka akafa kwa uongo mdogo kuliko huo."

Basi akaapa kuitengeneza, watu waone kwa macho. Mwili wa treni alikwisha kuumaliza. Kilichomshinda ni moto. Mkaa ulikuwa mkubwa mno kwa tumbo dogo kama lile. Binamu yake Timotheo akamletea kutoka Ndola mtungi mdogo wa gesi, ile ambayo Wazungu wa kule hupikia, na tangu siku hiyo Anania hakuwa tena mtu wa kawaida. Alikuwa mtu wa kichomeo.

Kichomeo chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kibomba cha shaba urefu wa kidole cha kati. Nyuma kuna tundu jembamba la kupitisha gesi, ubavuni matundu ya kuvuta hewa yenye pete ya kuyafunika na kuyafunua, na juu mipasuo iliyokatwa kwa msumeno, ndipo moto unapokaa. Hewa ikipungua, moto unakuwa wa njano na kujaa masizi. Ikizidi, moto unaruka juu, unaning'inia hewani, unakufa. Ikiwa sawasawa, unakuwa wa bluu na kunguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Na huo wa bluu Anania alikuwa anaupata kila siku, mezani. Akikiingiza kichomeo ndani ya tumbo la treni, kinazimika.

"Kwa nini?" Sekela aliuliza. Hakujua kwamba hilo ndilo swali ambalo msichana mwenye busara hapaswi kumuuliza Anania.

* * *

Mapenzi yao yalisafirishwa na lori. Barua zingechukua muda, na simu ya pale mpakani ilikuwa ya serikali. Lakini Enoka, dereva wa lori la kahawa, alipita Iyula na Tunduma kila wiki, naye alikuwa na kichwa kinachoshika maneno.

"Sekela," Enoka alisema siku moja, mguu mmoja ukiwa bado ndani ya lori, "Anania anasema wewe ni asali yake, ua lake, na nyota ya... ah, hapo nimeona haya. Maliza mwenyewe."

"Mwambie nyota inauliza anakuja lini."

Wiki ya pili Enoka akarudi. "Anasema atakuja akishatoboa matundu mengine ya hewa."

"Mwambie matundu ya hewa hayaolewi."

"Hilo nalipeleka kwa furaha."

Anania alipokuja, alikuja vizuri. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vimepakwa mafuta, na alimletea kitambaa cha hariri cha rangi ya machungwa kutoka ng'ambo. Walitembea kando ya mibuni iliyokuwa imechanua maua meupe, harufu yake tamu mpaka kichwa kinauma.

"Mpenzi wangu," Anania alisema, ameushika mkono wake, "unajua gesi ni nzito kuliko hewa?"

Sekela alifumba macho. "Sikujua, mpenzi."

"Ndiyo. Ikivuja haipandi kama moshi. Inatambaa chini kama maji, inatafuta bondeni. Halafu inanuka kabichi iliyooza."

"Anania."

"Naam, ua langu."

"Tuko kwenye maua."

Aliyatazama maua kana kwamba yalikuwa yamefika sasa hivi. Akachuma tawi moja, akalichomeka kwenye kitambaa cha Sekela kwa vidole vile vyenye makovu, polepole sana. Sekela akasamehe kila kitu, ingawa alijua kwamba anakosea kusamehe haraka.

* * *

Kwa akina Sekela kulikuwa na desturi yao ya ukoo. Mchumba akija kuomba binti, anakalishwa kwenye benchi sebuleni mbele ya wazee, na hainuki mpaka ajibiwe. Hasemi ila alichoulizwa. Wazee wanaweza kuzungumza habari za mahindi, za mvua, za mzee aliyekufa kabla ya vita ya Mjerumani, yeye anakaa. Akiinuka kabla ya jibu, amejikataa mwenyewe, na hakuna wa kulaumiwa. Binti naye hukaa jikoni na hatokei. Enoka, kwa kuwa ndiye aliyebeba maneno yote, akafanywa mshenga, akapewa kazi ya kumweleza Anania.

Siku ikafika. Anania akakaa kwenye benchi. Mzee Abrahamu, mzee wa kanisa, mkavu kama kuni ya mwaka jana, akaanza na habari za mvua. Pembeni ya sebule mama yake Sekela alikuwa akichemsha chai kwenye stovu ya mafuta ya taa, fahari ya nyumba, inayotolewa kwa wageni tu. Stovu ililia: fff, tu-tu, fff. Moto ukawa wa njano upande mmoja.

Sekela, akichungulia kwenye upenyo wa mlango wa jikoni, ng'ambo ya ua, aliona kupitia mlango wa sebule shingo ya Anania ikigeuka. Aliona goti lake likianza kucheza. Akasema kimoyomoyo: kaa. Kaa, mpenzi. Kaa, mtu wangu wewe, kaa!

Anania akainuka. Akapiga magoti mbele ya stovu, akatoa sindano mfukoni, akachokoa tundu. Moto ukageuka bluu, ukanguruma. "Ilikuwa imeziba, mama," akasema kwa furaha, akageuka kurudi kwenye benchi. Akakuta wazee wote wamesimama na wengine wanatafuta kofia zao.

"Amejikataa," alisema Mzee Abrahamu.

"Lakini chai imechemka upesi kweli," mama yake Sekela alisema kwa sauti ndogo.

Sekela hakulia. Alimenya ndizi zote zilizokuwa jikoni, pamoja na za kesho.

Jumamosi iliyofuata alipanda lori la Enoka na shangazi Jenista hadi Tunduma. Walimkuta Anania amelala kifudifudi kwenye vumbi, shavu chini, akichungulia chini ya treni.

"Inuka," Sekela alisema. "Leo una ruhusa ya kuinuka."

Akaruka. "Sekela! Mpenzi, nimegundua kwamba..."

"Enoka alikueleza habari ya benchi?"

"Alinieleza."

Njia nzima Sekela alikuwa amejitengenezea matumaini kwamba Enoka alisahau. "Kwa hiyo ulijua. Ulijua, ukainuka. Kama hunitaki, si ungeniletea salamu na lori? Ilikuwa lazima unikatae mbele ya baba yangu?"

"Nikukatae? Mimi?" Anania alishika kichwa. "Alinieleza, ndiyo, lakini nilikuwa nasikiliza."

"Ulikuwa unamsikiliza."

"Nilikuwa nasikiliza kichomeo. Nilisema ndiyo, ndiyo. Maneno yakapita."

Shangazi Jenista alipiga makofi mara moja, akatazama mbinguni. Sekela alijaribu kukasirika, akashindwa. Hasira ingekuwa rahisi zaidi. Hasira ina mahali pa kushika. Hii ilikuwa kama kukamua kitambaa ambacho maji hayaishi.

"Siku nikiwa mgonjwa ndani ya nyumba yako," alisema mwishowe, "itabidi nilie kwa sauti ya stovu ndipo unisikie."

"Sekela, asali yangu..."

"Asali yako iko kwenye mtungi. Shangazi, twende."

Hakujibu tena salamu. Enoka alikuja na "nisamehe", akarudi mikono mitupu. Akaja na "siwezi kula", akarudi mikono mitupu. "Mimi ni dereva wa kahawa," alilalamika, "si njiwa wa Nuhu. Angalau nipeni jani." Tena aliongeza kitu ambacho hakuagizwa kusema: kibanda kimefungwa, na treni imefunikwa gunia. Sekela alisikia hilo, akaendelea kuchambua maharage, ila alichambua mawe akaweka upande wa maharage.

Aliyefungua njia alikuwa mama yake. Kila jioni alimwambia mumewe kwamba stovu haijawahi kuwaka namna ile, na mtu anayemhurumia mama wa watu na chai yake si mtu mbaya. Mzee Abrahamu alichoka. Desturi iliruhusu benchi la pili, lakini hilo lilikuwa la majaribu: ndugu wa binti wanaweza kufanya lolote kumwinua mchumba. Na benchi la tatu halikuwepo.

"Aje," alisema Mzee Abrahamu. "Na aje na huyo mke wake wa shaba. Tumwone."

Enoka alipopeleka habari, alimshika Anania masikio yote mawili kwanza.

* * *

Sebule ilijaa. Anania alikaa kwenye benchi akiwa na koti la kuazima, nyusi imeanza kuota. Alishika ubao wa benchi kwa mikono miwili, huku na huku, kama mtu anayevuka mto.

Uani, mbele kabisa ya mlango ulioachwa wazi, baba mdogo Mika aliiweka treni juu ya kigoda na mtungi wake kando. Mika alikuwa mcheshi wa ukoo. Siku ile alikuwa amepania.

"Jamani, nawasha!" alipiga kelele ili asikike sebuleni. Pu! Akina mama wakapiga yowe. "Ahaa! Moto wa njano! Mzuri kama dhahabu! Masizi haya, tutapaka nyumba nzima!"

Anania alifumba macho. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni.

"Mahindi ya mwaka huu," alisema Mzee Abrahamu polepole, "sijui mnayaonaje."

"Nageuza hii pete!" Mika alilia. "Sijui inageuzwa wapi, nageuza tu!"

Goti la Anania lilicheza. Mikono ilishika ubao mpaka ukalia. Hakuinuka. Jikoni, Sekela alikuwa ameng'ata upindo wa kitambaa chake cha rangi ya machungwa, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alijikuta akitabasamu.

Kisha sauti ya moto ikakatika. Moto ulikuwa umezimika, kama ulivyozoea kuzimika ndani ya tumbo lile. Ikabaki sauti nyembamba: sss.

"Umekufa!" Mika alitangaza. "Nafunga koki ya gesi, mazishi baadaye." Akageuza koki kwa nguvu, akapangusa mikono, akaondoka kwenda kutafuta togwa.

Koki ile Anania aliitengeneza mwenyewe, nayo ilifungwa kwa kugeuzwa kinyume na koki nyingine zote. Mika alikuwa ameifungua mpaka mwisho.

Anania alisikia. Uso wake ulibadilika. "Baba," akasema, "naomba..."

"Hujaulizwa," alisema Mzee Abrahamu. Wazee wakachekeana. Jaribio limeanza kukolea.

"Baba, ni hatari, hiyo gesi..."

"Sikuuliza gesi. Mahindi."

Jikoni kwa akina Sekela kulikuwa upande wa chini wa ua, kwenye mteremko wa kuelekea mtoni, na siku ile mafiga yote yalikuwa na moto: wali, kuku, maharage. Sekela alikuwa ameinamia chungu. Harufu ikamjia chini, miguuni, kabla haijafika puani sawasawa. Kabichi iliyooza. Akasimama. Nyumba nzima haikuwa na kabichi.

Inatambaa chini kama maji. Inatafuta bondeni.

Alichukua mtungi wa maji akaumwaga wote kwenye moto wa kwanza. Akachukua ndoo, akamwagia wa pili. Majivu yakapaa. Shangazi Jenista akapiga kelele, "Wali! Mtoto, wali wa wageni!" Sekela akainua sufuria la mchuzi, akalimwaga lote juu ya kaa la mwisho. Akawasukuma akina mama nje kwa mabega, akapanda mteremko mbio, gauni limejaa majivu na mafuta ya kuku.

"Baba mdogo, funga koki!"

"Nimefunga!" Mika alijibu, kikombe mdomoni.

Sss, ilisema treni.

Hapo Sekela akaelewa kwamba ni mtu mmoja tu katika Iyula nzima anayejua kuifunga, na mtu huyo amekaa kwenye benchi. Akaingia sebuleni, mahali ambapo binti haingii siku kama ile. Anania alikuwa amekwisha kuachia ubao, magoti yamekunjuka nusu; hajakaa, hajasimama. Macho yake yalimtazama kama mtu anayeaga.

Alikuwa anainuka. Safari hii alijua vizuri anachopoteza, na alikuwa anainuka.

"Nimekubali!" Sekela alipiga kelele. "Umesikia? Umejibiwa! Nimekubali, sasa inuka, mtu wangu wewe, kafunge hicho kitu chako kabla hatujafa sote!"

Anania alipita mlangoni kama mshale. Sauti ya sss ikakatika.

"Jibu hutolewa na baba," alisema Mzee Abrahamu.

"Desturi inasema ajibiwe," alisema Enoka mshenga, mtu anayeshika maneno. "Sikusikia ikisema na nani."

Wazee wakatazamana. Mmoja akacheka, akazuia, akashindwa. Anania alirudi anahema, akasimama kizingitini, hajui kama aingie au abaki nje.

"Lini?" Mzee Abrahamu alimkaripia. "Mkwe, nakuuliza. Sasa umeulizwa. Lini?"

Anania alifungua mdomo. Sekela alimkazia macho.

"Baada ya matangazo ya kanisani, baba," alisema Anania upesi. "Jumamosi ya kwanza. Hata kama treni haijatembea."

"Na leo tutakula nini?" aliuliza shangazi Jenista kutoka uani, sauti imejaa machozi ya kweli.

Kuni zilikuwa zimelowa chapachapa, stovu imeishiwa mafuta ya taa tangu juzi, na kilichookoka ni chungu cha maharage mabichi nusu. Walisubiri upepo ufagie ua wote. Kisha Anania akakichomoa kichomeo kutoka tumboni mwa treni, akakiweka katikati ya mawe matatu, mahali palipoinuka, akawasha. Moto mdogo wa bluu ukakaa juu ya mipasuo, ukanguruma. Chungu kilikuwa kikubwa, moto mdogo kama ua la mbuni. Wazee walikaa kuzunguka wakisubiri, na Mika alihesabiwa makosa yake moja baada ya jingine.

Sekela alichuchumaa upande mmoja na mwiko, Anania upande wa pili. Mkono wa Anania ukaanza kuisogelea pete ya hewa.

"Anania."

"Naam, mpenzi."

"Mkono."

Akaurudisha kwenye goti. Walikaa. Maharage hayakuwa na haraka. Baada ya muda ncha ya njano ilichungulia kwenye moto, upande wa Sekela, nyembamba kama ulimi wa mjusi. Anania alikuwa anaumia, na yeyote aliyemtazama aliona. Sekela akaikazia macho ile ncha. Akatazama pembeni. Akaitazama tena.

"Haya, geuza," alisema. "Kidogo tu."

Akageuza kidogo. Njano ikabaki.

"Si huko. Rudisha. Hapo... Hapana, umepita."

"Nimepita?"

"Rudi nyuma unywele mmoja."

Moto ukawa bluu wote, duara kamili, ukanguruma. Wote wawili waliinamisha vichwa kuutazama, mpaka kitambaa cha rangi ya machungwa kikagusa koti la kuazima.

"Sekela," Anania alisema taratibu, "maharage yanaungua."

"Najua," alisema Sekela, na hakuondoa macho kwenye moto.